Biashara ikiyumba, nyumba isiyumbe: Somo la Kariakoo kwa wazazi

Ni saa 12 jioni. Mtaa wa Congo bado umefurika watu. Spika za matangazo zinashindana kelele, vijana wa mikokoteni wanaomba njia, mama lishe wanaosuza masufuria yao pembeni mwa barabara. Ni muda wa kufunga hesabu. Wapo wanaohesabu walichopata, na wapo wanaohesabu walichokosa.

Chukua mfano wa mama mmoja mwenye fremu ya kupanga ya nguo za watoto. Wa namna yake ni wengi katika mitaa hii. Leo ameuza magauni mawili tu. Kesho ni siku ya marejesho ya kikoba. Mwenye fremu amepiga simu mara mbili kuulizia kodi. Anapanda mwendokasi kwenda Kimara, anasimama njia nzima mkoba ukiwa kifuani, na kichwani inajirudia sentensi moja: "Mimi sina bahati."

Anafika nyumbani saa 2 usiku. Mwanawe wa darasa la tano anamkimbilia mlangoni.

"Shikamoo mama. Mwalimu amesema kesho twende na hela ya mtihani."

"Hela, hela, hela! Mnadhani mimi naziokota barabarani?"

Mtoto anarudi chumbani kimya. Mama anakula bila hamu, analala bila usingizi. Asubuhi alitoka na mzigo mmoja, sasa ana miwili: deni lake, na sura ya mwanawe pale mlangoni.

Wazazi wengi wanaijua jioni hiyo. Swali ni je, kati ya biashara kuyumba na nyumba kuyumba, kuna kitu chochote ambacho mzazi anaweza kukishika?

Mtaa unaojua mizigo

Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na mzigo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, eneo hilo liligeuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalitamka jina hilo kwa namna yake, na likabaki hivyo hadi leo. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi za jeshi kwa miguu. Makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki hawakurudi makwao, wengi wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi.

Baadaye eneo hilo likawa moyo wa biashara ya jiji. Jengo la soko kuu, lililochorwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mitaa inayolizunguka ikageuka duka la nchi nzima na la majirani.

Usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, soko hilo liliungua. Wapo walioondoka jioni wakiwa na mtaji na kuamka Jumapili wakiwa na majivu. Miezi michache baadaye, Januari 2022, moto ukateketeza pia mabanda ya soko la Karume, si mbali na hapo.

Kisha ikaja Jumamosi nyingine, Novemba 16, 2024. Asubuhi, jengo la ghorofa katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Congo liliporomoka likiwa na watu ndani. Wananchi na wafanyabiashara waliungana na vikosi vya uokoaji kutafuta waliofukiwa, na kazi hiyo ikaendelea kwa siku kadhaa. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Makumi wengine walitolewa wakiwa hai.

Kila tukio kati ya hayo lilikuwa na wazazi ndani yake. Na baada ya kila tukio, mitaa ilifunguka tena. Hiyo haina maana kwamba watu wa Kariakoo hawaumii. Wanaumia, kisha wanaendelea, na baina ya mambo hayo mawili kuna kazi ya ndani ambayo haionekani kwenye daftari la mauzo.

Kustahimili si kujifanya huna shida

Kuna kosa ambalo hufanyika kila mara watu wanapozungumzia kubadili mtazamo. Mtu anaambiwa "wewe fikiria mazuri tu" kana kwamba kodi ya fremu italipwa na tabasamu. Ushauri huo humfanya mwenye shida ajione mkosaji mara mbili: hana fedha, na hata kufurahi kumemshinda.

Ustahimilivu ni kitu kingine. Ni uwezo wa kuyumba bila kung'oka, na wa kurudi kwenye kazi zako muhimu, ikiwamo kazi ya malezi, baada ya kupigwa na jambo zito. Uwezo huo hujengwa polepole kwa mazoea ya kila siku, kama mbeba mizigo anayejifunza kupanga gunia mgongoni. Uzito wa gunia haupungui, lakini likikaa vibaya humvunja mtu kiuno, na likikaa vizuri humfikisha.

Miaka ya 1960, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Aaron Beck, aligundua jambo alipokuwa akiwasikiliza wagonjwa wenye sonona. Aliona kwamba baina ya tukio na huzuni hupita wazo la haraka ambalo mtu halichunguzi, analiamini tu. Njia ya tiba aliyoianzisha, ya kulikamata wazo hilo na kulihoji, leo inatumika duniani kote.

Mrudie mama wa nguo za watoto. Tukio ni kwamba ameuza magauni mawili. "Mimi sina bahati" ni tafsiri aliyoiongeza mwenyewe. Tukio ni la leo, lakini tafsiri imemeza jana, leo na kesho. Sentensi ya kweli zaidi ingekuwa: "Leo biashara ilikuwa mbaya, na kesho nina marejesho." Inauma vilevile. Lakini inaacha mlango wazi, kwa sababu marejesho yana watu wa kuzungumza nao, na bahati haina ofisi.

Mabadiliko madogo ya kila siku

*Ihoji sentensi inayojirudia.* Kila mzazi ana sentensi yake: "watoto hawa watanimaliza", "kila kitu mimi", "wenzangu wote wamefanikiwa". Inapokuja, jiulize maswali matatu. Ni kweli yote, au ni kweli nusu? Ningemwambia rafiki yangu maneno haya haya? Je, kuna namna nyingine ya kulisema jambo hili bila uongo? Maneno "kila siku", "kamwe" na "wote" ndiyo ya kuyatilia shaka kwanza, kwani mara nyingi yamezidisha chumvi.

*Tenganisha kilicho mkononi na kisicho mkononi.* Mvua, foleni, bei ya dola na mteja aliyebadili mawazo havimo mikononi mwako. Simu kwa mwenye fremu kabla hajapiga yeye imo mikononi mwako. Ukichukua karatasi, ukachora mstari katikati na kuandika pande mbili, mara nyingi upande wa "naweza" utakuwa mfupi. Lakini ndio upande wa kuanza nao asubuhi. Kuumaliza usiku kucha ukikokotoa upande wa pili hakumpunguzii mtu deni hata shilingi.

*Uwe na kituo kabla ya mlango.* Mzazi anayetoka Kariakoo hadi Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara amekaa au amesimama kwenye gari kwa muda mrefu, na akili yake bado iko dukani. Chagua sehemu moja ya njia, labda pale unaposhuka au kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba. Hapo simama dakika mbili. Pumua taratibu, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Jiambie: "Ya dukani nimeyaacha hapa, nitayakuta kesho." Hayo ndiyo madakika mawili ambayo yangemwokoa yule mtoto wa darasa la tano.

*Funga hesabu ya mema pia.* Mfanyabiashara hawezi kufunga siku kwa kuandika matumizi peke yake na kuacha mapato. Lakini moyoni wengi hufanya hivyo. Mwaka 2003, watafiti wa Marekani Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha matokeo ya majaribio ambayo kundi moja la washiriki liliandika mambo ya kushukuru na jingine likaandika kero. Walioandika ya kushukuru walieleza kuridhika zaidi na maisha yao. Nyumbani, jambo hili linaweza kufanyika mezani au mkekani: kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ataje jambo moja zuri la leo. Mtoto akisema "nimepewa embe na Asha", limetosha. Baba akisema "leo sina", apewe nafasi, asilazimishwe.

*Linda usingizi wako na simu.* Saa 5 usiku si saa ya kusoma hali za WhatsApp za wenzako waliokwenda China kufuata mzigo. Uchovu huongeza ukubwa wa kila tatizo. Maamuzi ya kuacha biashara, kuachana na mwenzi au kukopa tena yasifanywe usiku. Yasubiri jua.

Benchi la bibi na kikoba cha mama

Kwa Kiswahili, mtu mwenye huzuni nzito husema "nina mawazo". Zimbabwe, Washona wana neno linalokaribiana sana na hilo: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Katika jiji la Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake aliyejiua. Familia ilikuwa haina nauli ya kumrudisha hospitali. Chibanda akatambua kwamba kusubiri watu wamfuate ofisini kusingetosha.

Mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa Mbare, kitongoji chenye soko kubwa na msongamano ambao mtu wa Kariakoo angeutambua mara moja. Bibi hao walifundishwa kumsikiliza mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawagawi dawa wala hawahubiri. Humsaidia mtu kuorodhesha matatizo yake yote, kuchagua moja, kutafuta njia zinazowezekana, na kuondoka na hatua moja ndogo ya kufanya kabla hawajaonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache za msongo na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa wenye shida kumi kwa wakati mmoja, siri kubwa iko pale penye neno "moja". Mama wa nguo za watoto ana kodi, marejesho, ada na mtoto aliyeumia moyo. Akivibeba vyote kwa pamoja, hatanyanyuka. Akianza na mtoto, jambo ambalo halihitaji hata senti, atakuwa ameondoa gunia moja mgongoni kabla ya kwenda kukabili mengine.

Kariakoo haina uhaba wa mabenchi. Kuna vikoba, michezo ya upatu, majirani wa fremu, wanakwaya, wenzako wa darasa la msikitini. Tatizo ni kwamba wengi hukutana hapo wakiwa wamevaa sura ya "mambo safi". Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, yaani uzito wa mwingine huonekana mwepesi kwa asiyeubeba. Njia pekee ya wenzako kuujua uzito wako ni kuwaambia. Chagua mmoja, asiyepeleka maneno, umwambie: "Dada, nina jambo. Sitaki unitatulie, nataka unisikilize."

Kina baba nao wana kazi ya ziada hapa, kwa sababu wengi wamekuzwa wakiambiwa mwanamume halii. Baba anayenyamaza kwa mwezi mzima hajawalinda watoto na shida yake. Watoto wameshaijua. Wanachokosa ni maelezo, na mtoto asiye na maelezo hujitungia yake, mara nyingi akidhani kosa ni lake.

Mtoto anahitaji mtu mzima mmoja

Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia maisha ya watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi walipokuwa watu wazima. Takribani theluthi moja walikua katika mazingira magumu: umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi au maradhi ndani ya nyumba. Hata hivyo, karibu mmoja kati ya kila watatu wa kundi hilo alikua mtu mwenye uwezo, mwenye kujali na mwenye kujiamini. Moja ya mambo yaliyowasaidia lilikuwa uhusiano wa karibu na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa. Hakuwa lazima awe mzazi. Angeweza kuwa bibi, shangazi au mwalimu.

Matokeo hayo ni nafuu kwa mzazi anayejilaumu kwa kukosa fedha. Mtoto anahitaji ada na daftari, ndiyo. Lakini kinachomjenga awe imara ni kujua kwamba yupo mtu asiyeyumba juu yake hata siku mbaya.

Hivyo basi, siku hela haipo, mtoto aambiwe ukweli wa kipimo chake. Asidanganywe kwamba mambo ni mazuri, na asibebeshwe hesabu za marejesho. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Mwanangu, jana nilikufokea. Hukukosea kuniomba. Nilikuwa nimechoka na biashara ilikuwa mbaya."

"Kwa hiyo hela ya mtihani hakuna, mama?"

"Leo hakuna. Nitampigia mwalimu simu, nimwombe hadi Ijumaa. Hiyo ni kazi yangu. Kazi yako ni kusoma."

Katika maneno hayo machache mtoto amejifunza mambo manne: kwamba mtu mzima anaweza kuomba radhi, kwamba siku mbaya si mwisho, kwamba tatizo lina hatua, na kwamba si lake kulibeba. Hakuna semina itakayomfundisha zaidi ya hapo.

Mtazamo haulipi deni

Lazima lisemwe wazi: mtazamo mpya haulipi kodi, hauzimi moto na haushiki nguzo za ghorofa. Majengo yanahitaji wakaguzi. Biashara inahitaji bima, na fedha za mtaji zisizolala zote dukani. Aliyenaswa kwenye mikopo ya kausha damu anahitaji kukaa chini na watu anaowaamini, aorodheshe anachodaiwa na nani, na aache kukopa kwa huyu ili kumlipa yule. Kumwambia mtu kama huyo "badilisha mtazamo" na kuondoka ni kumtupa.

Kazi ya mtazamo ni ndogo lakini ya lazima. Inampa mtu utulivu wa kuzifanya hizo hatua nyingine akiwa na kichwa kilichotulia.

Na kuna wakati hata hilo halitoshi. Kama huzuni, hasira au kukata tamaa kumeendelea kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakiliki, kazi zinakushinda, au pombe imekuwa ndiyo dawa, hiyo si tabia mbaya wala udhaifu wa imani. Ni ugonjwa unaotibika. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala, ueleze hali yako. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina wataalamu wa afya ya akili. Ofisa ustawi wa jamii pia anaweza kukuelekeza pa kuanzia. Kwa jambo linalomhusu mtoto, ipo namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, 116.

Mtu akisema anataka kufa, asichekwe wala kukemewa. Aulizwe waziwazi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Alfajiri

Saa 11 alfajiri yule mama anaamka. Deni liko palepale. Kabla ya kuwasha jiko, anakaa kitandani kwa mwanawe na kumgusa bega.

"Mwanangu, amka kidogo. Nina neno nataka kukwambia kuhusu jana."

Baada ya hapo anampigia mweka hazina wa kikoba, kabla mweka hazina hajampigia yeye. Anaomba alipe nusu leo na nusu wiki ijayo. Huenda atakubaliwa, huenda atapigwa faini. Kisha anafunga kilemba, anashika mkoba, anakwenda kupanga foleni ya mwendokasi. Mtaa wa Congo unamsubiri, na magauni yamebaki yaleyale. Lakini mzigo wa pili, ule wa mlangoni, ameutua.